Mayai ya Kanga na Siku Zile Tano

Mwanangu Mmbone,

Mama yako amekwisha kukuambia yote ya sufuria, ya sabuni, ya sweta, ya kutolala dirisha wazi ndani ya treni, na ya wanaume wanaojitolea kuwabebea wasichana masanduku. Amekuambia mara tatu, na nilimsikia akianza mara ya nne ulipokuwa ukitoka kwenda kuwaaga watu wa kanisa kule Kabiria. Kwa hiyo hapo sina la kuongeza. Nimeketi mezani, jua bado halijashuka nyuma ya vilima vya Ngong, na nimechukua daftari lako la zamani la hesabu, lile lenye kurasa safi nyuma. Usicheke mwandiko. Mkono huu umezoea waya kuliko kalamu.

Nakuandikia kwa sababu ya Jumapili iliyopita. Wanakwaya walipokuita mbele wakuage, ulisimama ukasimulia ile hadithi ya Mzee Njuguna. Ulisema baba yako alimkosea mtu, lakini alipojua kosa lake alikwenda siku ile ile kwa Mzungu wake akasema kweli, bila kujali kibarua chake. Watu wakapiga makofi. Mchungaji akanishika bega, nami nikatabasamu kama mtu anayestahili.

Mmbone, sikwenda siku ile. Nilikwenda siku tano baadaye, na siku hizo tano ndizo zilizomponza Mzee Njuguna. Kesho unaondoka kwenda kusomea ualimu, na nakujua, hadithi hiyo utaisimulia kwa watoto wa watu kwa maana unaipenda. Nikinyamaza, utakuwa unamheshimu mtu ambaye hayupo. Nikisema, huenda hata heshima hiyo ikaniponyoka, nami sina kitu kingine ninachokionea fahari kama macho yako unaponitazama. Nimelipima jambo hili wiki nzima. Naona afadhali niseme.

Ulikuwa darasa la nne wakati ule, kwa hiyo ngoja nianzie mahali ambapo hukuwapo.

Nilipotoka Maragoli kuja Nairobi nilibeba magunia katika maduka ya jumla pale Ngara mpaka shingo ikaingia mabegani. Siku moja mwenye duka la vyuma akamwambia mtu, nami nikiwa mlangoni na gunia la misumari, kwamba kuna Mzungu upande wa Kabiria anatafuta mtu anayejua ndege. Nikatua gunia. Marehemu babu yako alikuwa mtegaji wa kware. Alikuwa akipandisha kware wake ndani ya vitundu juu ya mti mrefu, nao wakiita alfajiri, wenzao wa mwituni wanashuka kwa mamia na kunaswa. Nilijua sauti za ndege kabla sijajua a, e, i, o, u. Nilikwenda Kabiria kwa miguu siku hiyo hiyo, na gunia sijui nani alilimalizia.

Mzungu huyo ndiye tuliyemwita Bwana Mluzi, kwa kuwa alikuwa haachi kupiga mluzi hata akiwa amekasirika. Shamba lake liliteremka kutoka njia ya Kabiria mpaka karibu na barabara ya Ngong, nyasi ndefu na vichaka vya leleshwa, na kijito katikati. Zamani, alisema, kanga walikuwa wakivuka njia yake wengi hata gari linasimama kungoja. Sasa walikuwa wamebaki wachache wa kuhesabika. Hakutaka kuwapiga risasi, hakutaka kuwala. Alitaka tu kuwasikia tena jioni wakikwaruza koo zao juu ya miti. Mimi nilidhani ana wazimu kidogo. Kwetu, mtu akisikia jogoo anawika, hafikirii saa, anafikiria mchuzi.

Kazi yangu ilikuwa kuwatega wezi wa viota. Kanga hutaga chini, ndani ya nyasi, na kila mwenye meno anapenda mayai yake. Bunduki nisingepewa, na baadaye serikali ilipotangaza hali ya hatari kwa ajili ya vita vya msituni, hata panga ukilibeba njiani ulihitaji maelezo marefu. Nikatengeneza mitego kwa masanduku ya majani ya chai: mlango wa kuanguka, kijiti cha kuushikilia, na kichwa cha samaki mkavu kwa ndani. Kila sanduku nililifukiza kwa moshi wa leleshwa ili lisinuke mkono wa mtu. Mwezi wa kwanza nilipata nguchiro, wale wanyama wembamba wenye haraka, wanaovunja yai kwa kulirusha nyuma katikati ya miguu mpaka ligonge jiwe. Nikapata na kanu, yule kama paka mwenye madoadoa, na kicheche mmoja ambaye uvundo wake ulinifanya nilale nje siku mbili kwa amri ya mama yako. Niliwaua kwa rungu, upesi, nikageuza uso. Sikuipenda sehemu hiyo, na siwezi kukuambia kwamba niliizoea.

Mvua zilizofuata, vifaranga wa kanga walionekana njiani kama maharagwe yaliyomwagika. Hapo kichwa changu kikavimba. Watu wakaniita Mitego, nami nikalipokea jina hilo kama cheo.

Sasa nifike kwa Mzee Njuguna. Wewe ulimwita Guka, yaani babu, kama wajukuu wake wanavyomwita, nawe hukumbuki siku aliyopita bila kukupa kitu: boga, kijiti cha kuchezea, hata habari tu. Alikuwa mkata nyasi wa ng'ombe wa Bwana, na familia yake ilikuwa Kabiria tangu kabla ya reli. Mwaka wangu wa sita hapo, siku moja alikuja kwangu na fyekeo begani.

“Mitego, mimi nakata nyasi, sioni chini. Iko siku nitakata huyo mama na watoto yake. Si uniwekee alama?”

Ilikuwa akili nzuri, na ilitoka kwa moyo mzuri. Nikapasua mfuko wa unga wa ngano, nikafunga kipande cheupe kwenye kila fimbo, nikachomeka fimbo moja hatua mbili kutoka kila kiota. Mzee Njuguna alikata nyasi akizizunguka fimbo kama anayezunguka makaburi. Hakuna kiota alichogusa.

Baada ya wiki mbili mayai yakaanza kutoweka. Na hapa ndipo ujuzi wangu uliponipoteza, kwa hiyo soma polepole. Nguchiro huacha maganda. Kenge humeza, lakini huacha nyasi zimelala. Hapa hapakuwa na ganda, wala nyasi iliyolala, wala alama ya ukucha. Leo mayai kumi, kesho saba, kesho kutwa manne. Nilitega mara mbili zaidi, nikaua nguchiro ambao sasa naamini hawakuwa na hatia yoyote, na mayai yakazidi kupungua. Nikasema, mwizi huyu ana vidole.

Wewe ulikuwa unapita hapo kila siku ukienda shule. Jioni moja, ukiwa unaosha miguu, ukaniambia, “Baba, ni kunguru. Nimemwona anakaa juu ya fimbo moja, halafu anaenda kwa nyingine, halafu kwa nyingine.”

Unakumbuka nilivyojibu? Nilisema, “Kunguru hukaa popote penye fimbo. Nitafundishwa ndege na mtoto wa darasa la nne?” Mama yako akacheka, nami nikacheka, ukaendelea kuosha miguu. Hukununa. Ulinyamaza kama mtu anayeweka kitu mfukoni akitoe baadaye, na sikujua wakati ule kwamba huo ndio ukimya wa kuogopwa.

Siku ya Jumatatu nilikutana na Mzee Njuguna karibu na tangi la maji. Amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili, na ndani ya kofia mna yai la kanga.

“Mitego, ona kitu nimeokota. Imelala hapa kwa njia tu. Nilikuwa nakuletea.”

“Yai halina miguu, Mzee.”

“Hata mimi nashangaa.”

“Na yale mengine umeyapeleka wapi?”

Alinitazama akidhani ni mzaha. “Nifanye nini na yai ya kanga?”

“Ule.”

Basi akacheka, Mmbone. Alicheka mpaka akapangusa macho. “Mimi? Nikule ndege ya msitu? Mimi ni fisi?” Akatema mate kando.

Kicheko hicho nikakiona ujanja. Kwetu Maragoli mtu asiyekula ndege ni mgonjwa, au ni mwanamke wa zamani aliyekatazwa na mila, kama marehemu nyanya yako aliyepika kuku miaka hamsini bila kuonja paja. Sikujua, na kibaya zaidi sikuuliza, kwamba kwa wazee wa Kikuyu kama yeye kitu cha msituni si chakula, ni uchafu. Angeona afadhali kulala njaa. Nilimpima kwa tumbo langu mwenyewe, nikamhukumu. Wazee husema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nilikwenda moja kwa moja barazani kwa Bwana Mluzi nikasema, nimempata mwizi na yai mkononi.

Nilidhani atamgombeza. Naapa nilidhani hivyo tu. Lakini nilikuwa nimesahau mwaka tuliokuwa nao, au nilijifanya kusahau, maana mimi sikuwa Mkikuyu na mwaka huo haukunitafuta mimi. Mkikuyu aliyesemwa neno moja baya alipoteza karatasi yake ya kazi, na asiye na karatasi hakuwa na mahali pa kusimama Nairobi yote. Jumanne asubuhi askari walikuja wakamchukua na koti lake. Alipopita mbele ya nyumba yetu alisema, “Mitego, waambie mimi sikuli hiyo kitu.” Basi. Walimweka kwenye kambi ya waya, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka hapa, akingoja kuamuliwa.

Wewe uliyaona hayo kabla hujaenda shule. Nasikia hukwenda. Alasiri ulinijia kwenye banda la mitego, magoti yana matope, ukasema, “Baba, njoo uone, halafu kama si hivyo utanichapa.”

Ulikuwa umezing'oa fimbo zangu zote. Umezichomeka upya chini kabisa, karibu na kijito, mahali pasipo na kiota hata kimoja. Tukalala kifudifudi kwenye nyasi, mimi na wewe, ukaniwekea kidole mdomoni nisipumue kwa nguvu. Kunguru wakaja wawili. Wa kwanza akatua juu ya fimbo, akashuka, akatembea akiyapekua majani hatua mbili hivi upande huu na upande ule. Hakupata kitu. Akarukia fimbo ya pili, akashuka, akapekua. Ya tatu, ya nne, kama karani anayepita nyumba kwa nyumba. Na kule juu, kwenye viota vya kweli ambavyo sasa havikuwa na kitambaa, hakwenda hata mmoja.

Nimewatega ndege na wanyama tangu sijaota ndevu, nimejifunza kwa babu yako aliyekuwa bingwa, na sijaona kazi nzuri kama ile. Hukuniambia neno, ulinipangia jambo lenyewe lijiseme. Mtu mzima angeanza kubishana nami, na mimi kwa kubishana ningemshinda. Wewe ulimuuliza kunguru swali, ukamwacha ajibu mbele yangu. Nililala pale nikaona aibu, lakini chini ya aibu, Mmbone, nilisikia furaha kubwa kwamba kichwa hicho kimetoka nyumbani kwangu. Sikukuambia. Nakuambia leo.

Mimi ndiye niliyekuwa nimewachorea kunguru ramani. Walikuwa wakichukua yai zima mdomoni na kwenda kulivunjia mbali, na moja liliwaponyoka karibu na tangi, Mzee Njuguna akaliokota.

Tulipoinuka hukusema “si nilikuambia.” Ulisema tu, “Sasa twende kwa Bwana.”

Nikasema, “Nitakwenda mimi. Wewe rudi nyumbani.”

Nilitoka kweli. Nilifika mpaka ngazi za baraza. Nikamsikia akipiga mluzi ndani, nikafikiria nyumba tunayolala ambayo ni yake, karatasi yangu ya kazi yenye sahihi yake, na shule yako. Nikajiambia, leo amechoka, kesho asubuhi. Nikarudi nikazing'oa zile fimbo kule kijitoni, nikazichoma moto. Uliponiuliza, “Umemwambia?” nikajibu, “Nimemwambia. Lakini mambo ya serikali hukawia.” Ukanikumbatia kiunoni. Hilo ndilo neno la uwongo ambalo umelibeba miaka yote hii ukidhani ni dhahabu.

Jumatano sikwenda. Alhamisi sikwenda. Nilitengeneza mitego ambayo haikuwa imeharibika. Kila jioni uliniuliza, na kila jioni nilikuwa na jibu. Ijumaa Bwana Mluzi mwenyewe akanijia, mikono mfukoni, uso umefurahi.

“Mitego, mimi nahesabu leo. Yai hapana potea hata moja tangu Jumanne. Kumbe ile mzee kabisa! Mwizi nakwenda, yai nabaki.”

Umeelewa alichosema? Nilikuwa nimechoma vitambaa, kunguru wamepotea njia, mayai yamesalimika, na kusalimika kwake kukawa ushahidi dhidi ya Mzee Njuguna. Kila siku niliyokaa kimya ilikuwa inamshtaki upya. Na bado, mwanangu, nilisema, “Ndiyo, Bwana.” Akaingia ndani akaandika barua ya kupeleka kwa askari, ya kwamba sasa hana shaka. Niliiona ikiondoka kwa baiskeli.

Jumapili tulipoketi kula, uliomba wewe. Ulisema, “Mungu, mlete Guka upesi, na umbariki Baba kwa kuwa hakuogopa.” Nilikuwa nimekata tonge, nikashindwa kulipeleka mdomoni. Mama yako akaniuliza kama nina homa. Niliinuka nikaenda barazani vile vile, mkono una ugali, nikamwambia Bwana Mluzi yote, fimbo, kunguru, kofia, uwongo, mpaka ile “Ndiyo, Bwana” ya Ijumaa.

Aliacha kupiga mluzi. Alisema, “Wewe mpumbavu sana,” na mimi nikasema ndivyo. Kisha akachukua gari, akaniweka nyuma, tukaenda kambini. Maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Wote waliokuwa na barua mbaya walikuwa wamepakiwa kwenye lori Jumamosi asubuhi na kupelekwa mbali, na karatasi ikishaondoka na lori hairudi kwa sababu Mzungu mmoja wa kanga amebadili mawazo. Bwana aliandika barua nyingine, na nyingine. Mzee Njuguna alikaa huko miaka miwili na nusu. Ningekwenda ile Jumanne, ningemkuta pale pale kwenye waya, mwendo wa saa moja.

Na ujue jambo moja linaloniuma peke yake: sikufukuzwa. Kila nilichokiogopa hakikuja. Nilibaki na nyumba, na kazi, na jina langu la Mitego, na wewe kila Jumamosi ulikwenda Kabiria kumpalilia mkewe shamba, ukidhani serikali ndiyo iliyochelewa.

Aliporudi ulimwona mwenyewe, lile bega la kulia lisiloinuka. Fyekeo hakulishika tena, Bwana akamweka langoni. Nilimwendea wiki ile ile. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akimenya viazi kwa mkono mmoja, kiazi amekibana kwa goti. Nikamwambia siku zote tano bila kuruka hata moja. Alimaliza kiazi, akachukua kingine.

“Siku tano,” akasema. “Huko watu walikuwa wanauza ndugu yao kwa siku moja. Hiyo ya siku tano nimesikia.” Kisha akaninyooshea kisu. “Lakini wewe Mitego, tulikaa jirani miaka sita. Sita! Na ukafikiri mimi nakula yai ya kanga. Hiyo ndiyo ilikuwa inaniamsha.”

Akaniuliza, “Mtoto anajua?”

“Hajui.”

“Basi bado hujasema. Mimi kuniambia ni rahisi, mimi nilikuwa huko. Mwambie yeye.”

Hiyo ni miaka mitatu iliyopita. Kila nikipita langoni hunisalimia, “Jambo, Mitego, umesema?” nami nahimiza miguu. Ndiyo maana umeniona siku hizi nikizunguka kwa njia ya kijitoni.

Sasa unakwenda kufundisha, na sina mafundisho ya kukupa, nikikupa utakuwa unakopeshwa na maskini. Nina niliyoyaona tu. Nimeona kwamba mtu hupotezwa na kile anachokijua sana. Nguchiro nilimjua, kenge nilimjua, na kwa kuwa niliwajua hao nilimaliza orodha hapo. Na nimeona kwamba woga hauji na sura ya woga. Mimi ulinijia na sura ya busara, ukaniambia ngoja kesho, fikiria familia, Bwana amechoka. Ningeutambua ningeupiga rungu.

Wewe una kitu ambacho sikukupa, kwa maana sikuwa nacho. Nimekutazama ukikaa dirishani ukiangalia kitu kimoja mpaka chai inapoa. Nimekusikia ukifundisha watoto wa Jumapili, mtoto akikosea humwambii amekosea, unampa swali lingine mpaka ajicheke mwenyewe. Mama yako husema umerithi hayo kwangu, kwenye mitego. Si kweli. Mtegaji humngoja mnyama ili amshike. Wewe hungoja ili ujue. Tangu ule mwaka sijakwenda kwenye kiota chochote kila siku, sijaweka alama, na nguchiro simtegi mpaka niione kazi yake kwa macho yangu. Leo asubuhi kanga walivuka njia, nikasimama na toroli langu nikawangoja mpaka wa mwisho, na walikuwa wengi kiasi kwamba nilichelewa kazini. Shamba zima linasema hao ni kanga wa Mitego. Ni kanga wako.

Nilikuwa nimekusudia kuitia barua hii chini ya nguo zako, uikute huko, treni ikiwa imekwisha kukubeba na mimi siko. Nimebadili nia sasa hivi nikiandika. Nitaiweka kando ya kikombe chako cha chai asubuhi, nawe uisome kabla hatujatoka. Mzee Njuguna amesema atakuja kukusindikiza mpaka basi pale Adams Arcade, kwa hiyo tutakuwa nje sisi wawili, tumekaa. Ukitoka, msalimie yeye kwanza. Mimi ukinipita, sitakushika mkono wala kukuita. Nitakubebea sanduku nyuma yako mpaka stesheni, maana ni zito na hilo ni langu kubeba.

Njiani ukitaka kuniuliza lolote, uliza. Nitakujibu kweli, na mara ya kwanza.

Mimi niliyekuzaa na kukukosea,
Baba yako